Bunduki za Kuchezea: Ukumbusho kwa Wengine, Kidonda Kwetu



Katika majuma ya Majilio, tulipokuwa tukitayarisha pamoja mchezo wa Noeli, tuliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Vijana waliopewa kuigiza askari wa Herode walitaka kuacha mikuki ya miti na kushika bunduki za plastiki, zile zinazouzwa sokoni kila mwisho wa mwaka, ili watazamaji waelewe upesi kwamba hao ni watu wa kuogopwa. Tulipositasita, mmoja wao alituonyesha picha katika simu yake: mzee wa Marekani mwenye mvi ameketi mbele ya kabati la vioo, na ndani ya kabati bastola za kuchezea zimepangwa safu kwa safu, zinang'aa kama vyombo vya altare. Akasema, "Mwalimu, ikiwa mzee huyu anazitunza kwa heshima namna hii, ubaya wake uko wapi?"

Swali la kijana huyo halikuwa la utundu, nalo lilistahili jibu lenye sababu. Tuliomba muda wa kufikiri. Leo tunawaletea tuliyoyafikia, si kama amri, bali kama maoni ya watu waliofundisha watoto kwa miaka mingi na ambao wenyewe waliwahi kucheza michezo hiyo.

Kwanza tumtendee haki mzee yule. Bastola anazozikusanya zina historia ndefu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, viwanda vya Marekani vilianza kutengeneza bastola ndogo za chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kampuni ya J. & E. Stevens ya Cromwell, katika jimbo la Connecticut, ni mojawapo ya zile za kale zaidi. Baadaye zikajulikana Kilgore ya Westerville katika Ohio, na Hubley ya Lancaster katika Pennsylvania. Bastola hizo hazitoi risasi. Mtoto huweka ndani yake kipande cha karatasi chenye kitone cha baruti, au utepe mzima wenye vitone vingi. Akivuta kifyatulio, nyundo hukipiga kitone, kikalia, na moshi kidogo ukatoka pamoja na harufu yake kali. Hayo ndiyo yote: mlio, moshi na harufu.

Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa vitani, serikali yake iliweka mipaka mikali juu ya matumizi ya chuma katika vitu vya kuchezea, na viwanda vikageukia kazi za vita. Hapo, vijana, pana jambo la kutafakari: bunduki ya mchezo ilinyimwa chuma ili bunduki ya kweli ipate. Vita vilipokwisha, vitu hivyo vilirudi, mara nyingi vikiwa vya mchanganyiko wa zinki badala ya chuma kizito. Televisheni nayo ilikuwa ikiingia nyumbani kwa watu. Mwaka 1949 watoto walianza kuwaona humo Hopalong Cassidy na Lone Ranger, mashujaa wa hadithi za wachunga ng'ombe wa Magharibi. Basi kila mtoto akataka mkanda wa ngozi wenye bastola mbili. Majina ya waigizaji kama Roy Rogers na Gene Autry yaliandikwa juu ya bastola na juu ya mifuko yake. Nichols ya Texas ikauza Stallion 45, na Mattel ikauza Fanner 50. Watoto wa miaka ile ndio wazee wanaokusanya leo.

Kazi yao si ya kipuuzi. Mkusanyaji hujifunza kutambua kiwanda kwa umbo la mpini, na kipindi kwa aina ya chuma. Anajua kwamba masalio ya baruti huvuta kutu, hivyo bastola iliyochezewa sana huliwa kutoka ndani. Anajua kutofautisha kitu cha kale na cha kuigiza: bastola ya chuma ilitengenezwa kwa nusu mbili zilizounganishwa, na katika zile za bandia nusu hizo mara nyingi hazikutani vizuri, na uso wake una chembechembe kama mchanga. Anatunza hata sanduku la karatasi ngumu, maana sanduku ndilo kitu ambacho watoto walikitupa siku ile ile ya Noeli, kwa hiyo limekuwa adimu kuliko bastola yenyewe. Na mara nyingi haifyatui. Katika kabati lake bastola imestaafu. Haichezi tena wala haitishi mtu.

Basi anatunza nini? Si silaha. Tunadhani anatunza asubuhi moja ya utoto wake: baba akiwa hai, ndugu akiwa bado nyumbani, uwanja wa nyuma ukiwa mkubwa kama nchi. Mtu hawezi kukirudisha kipindi cha maisha yake, lakini anaweza kukipata kitu alichokishika katika kipindi hicho. Hatuoni sababu ya kumcheka wala kumhukumu. Nani kati yetu hana kitu kidogo alichoachiwa na marehemu wake, ambacho mgeni akikiona atasema ni takataka?

Tena tusijidanganye kwamba hadithi ile haikutufikia. Katika miaka ya 1950, filamu za wachunga ng'ombe zilionyeshwa mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, na vijana wa mitaa wakazipenda kupita kiasi. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa kama wale waliowaona katika filamu, wakazungumza lugha yao wenyewe, wakaita mitaa yao Texas na Far West. Hawakuwa na bastola za Hubley, ila walikuwa na mwendo, kofia na ngumi, na si mara chache mchezo wao uligeuka kuwa ukatili, hasa kwa wasichana. Mmisionari mmoja wa Scheut hakuwakimbia. Aliwajongea, akakaa nao, mpaka wakampa jina kutoka katika mchezo wao wenyewe: Père Buffalo. Habari hiyo inatufundisha mambo mawili. Kijana huiga anachokiona kikisifiwa. Na mlezi anayetaka kumsaidia hana budi kwanza kuujua mchezo wake.

Hata huko Marekani, mchezo huu haukubaki bila maswali. Sheria iliyotungwa mwaka 1988, na kuanza kutumika mwaka 1989, inadai kwamba bunduki ya kuchezea iwe na alama ya rangi kali ya chungwa mdomoni, ili watu waitofautishe na ya kweli. Sheria hiyo inakiri kwamba mtu mzima anaweza kukosea, na kosa lake likaua. Mwezi wa Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12 alikuwa katika bustani ya watu wote na bastola ya mfano inayotupa vidonge vya plastiki, isiyo na alama ile ya chungwa. Polisi alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya kufika. Akafa siku iliyofuata. Kwa hiyo hata katika nchi ambako mzee anaweka bastola zake kabatini kwa amani, kuna mtoto ambaye mchezo haukumkinga.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Sisi tulio na miaka hamsini na zaidi tulikuwa na bunduki pia. Tulichukua ubavu wa jani la mgomba, tukakata juu yake vibao vidogo vikasimama, tukavipitishia mkono kwa nguvu, vikalala kimoja baada ya kingine: ta-ta-ta-ta. Tulikufa mara kumi kabla ya chakula cha jioni na kufufuka kila mara mama alipoita. Hatukuwa wabaya, na wazazi wetu hawakuwa wazembe. Bunduki ya mgomba ilikuwa mchezo kwa sababu ile ya kweli ilikuwa mbali, mikononi mwa askari kambini, na sisi tulijua tofauti.

Tangu mwaka 1996, vita vilipoingia mashariki mwa nchi yetu, umbali huo umekwisha. Tuliwaona wavulana wakipita barabarani na bunduki ndefu kama wao, na watu wakawaita kadogo, jina la upole ambalo lingefaa kuitiwa mtoto wa mwisho nyumbani. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na hukumu hiyo ilihusu watoto wetu: Thomas Lubanga alipatikana na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wenye umri chini ya miaka 15 huko Ituri, katika miaka ya 2002 na 2003. Dunia nzima ilipoketi kujadili kosa la kumpa mtoto silaha, ilitaja vijiji vyetu.

Lakini jibu la swali la kijana wetu hatukulipata katika hukumu hiyo. Lilitujia siku ya mazoezi. Mmoja wa askari wa Herode alikuwa ameazima bunduki ya plastiki kwa mdogo wake, akaijaribu nyuma ya pazia. Ilitoa ule mlio wake wa haraka. Wengi walicheka. Katika benchi ya mbele, msichana mdogo kutoka familia iliyokimbia vita, aliyepewa kuigiza mmoja wa kondoo, hakulia wala hakupiga kelele. Alishuka chini ya benchi, akalala kifudifudi, akaweka mikono juu ya kichwa, kama mtu anayejua kazi yake. Alikaa hivyo mpaka dada yake alipomgusa mgongoni. Kicheko kilikatika. Hakuna aliyetufundisha siku hiyo kuliko mtoto huyo.

Tangu hapo maoni yetu ni haya. Kitu cha kuchezea hakina maana moja duniani kote. Maana yake inatoka kwa mtoto anayekisikia, si kwa kiwanda kilichokitengeneza. Kwa mzee yule, mlio wa bastola unamrudishia baba yake. Kwa msichana wetu, mlio wa plastiki unamrudishia usiku ambao hakuna mtoto angestahili kuupata. Wote wawili wana haki ya kumbukumbu zao. Hata hivyo, anayetoa zawadi au kuandaa mchezo hupaswa kuuliza kwanza ni kumbukumbu ya nani itakayoamshwa.

Tunajua yapo mapingamizi. Mmoja atasema: mkizikataza bunduki za plastiki, watoto watachonga za miti. Ni kweli, nasi hatupendekezi kuwafukuza wala kuwachapa wanaozichonga. Mtoto aliyeona vita wakati mwingine huicheza vita ili aitue. Mlezi amtazame, amsikilize, asimnyang'anye mchezo wake kwa ghadhabu. Lakini kumwacha mtoto acheze alichokibuni mwenyewe ni jambo moja, na kumnunulia bunduki, kuifunga kwa karatasi nzuri na kumpa kwa jina la Noeli ni jambo jingine. La kwanza ni uvumilivu. La pili ni fundisho.

Mwingine atasema: kuogopa plastiki ni kuwalea vijana kama mayai. Tunamjibu kwamba ujasiri wa kijana haupimwi kwa anachoweza kukishika mbele ya wadogo, bali kwa anachoweza kukiweka chini kwa ajili yao.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa kila kundi la vijana katika parokia zetu. La kwanza: katika sikukuu zetu, michezo yetu na zawadi tunazowagawia watoto, bunduki za kuchezea zisiwepo. La pili tumejifunza kwa mzee yule wa Marekani: tukusanye. Watoto wetu wanatengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu, mipira ya majani ya migomba iliyofungwa kwa kamba, chukudu ndogo za mbao zinazoiga zile zinazobeba viazi na makaa barabarani Goma. Vitu hivyo vinavunjika na kutupwa, na hakuna kabati linalovingoja. Tutafute rafu moja katika ukumbi wa parokia. Tuandike jina la mtoto aliyekitengeneza kila kitu, umri wake na mwaka. Siku moja mtu mwenye mvi ataingia humo, atakishika kigari cha waya, naye atanyamaza kidogo.

Huenda mnataka kujua mchezo wa Noeli uliishaje. Askari wa Herode waliingia mikono mitupu. Wazo lilikuwa la kijana yule yule aliyetuonyesha picha. Walitembea kwa hatua moja, wakikanyaga sakafu kwa pamoja, polepole, mpaka ukumbi mzima ukanyamaza. Hakuna aliyehitaji kuona silaha ili aelewe. Na kondoo mdogo alibaki mahali pake karibu na hori, amesimama, mpaka mwisho.