Njaa ya Kakuma Ina Wenyewe



Zinapotajwa dhulma za wenye nguvu, fikra zetu hukimbilia mizinga na ndege za vita. Wiki hii twawaomba tuitazame silaha nyingine, isiyo na moshi wala mlio. Nayo ni kalamu inayopunguza kibaba cha unga.

Kambi ya Kakuma, katika kaunti ya Turkana, ilianzishwa mwaka 1992 walipowasili vijana wa Sudan waliotembea masafa marefu wakikimbia vita. Leo kambi hiyo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016, ina watu wapatao laki tatu: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Warundi, Waethiopia na wengineo. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile ya kuapishwa kwake, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa Mpango wa Chakula Duniani. Ilipofika Juni, posho ya wakimbizi wa Kakuma na Dadaab ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 28 ya kipimo kamili, na fedha walizokuwa wakipewa wajinunulie chakula zikakatwa. Kuanzia Agosti watu wakapangwa makundi kwa kadiri ya unyonge wao, na kundi lililohesabiwa kuwa lajimudu likaachwa bila kitu.

Mwezi Machi mwaka huohuo wakimbizi waliandamana Kakuma kulalamikia chakula na maji. Walijibiwa kwa risasi za polisi, na watu wakajeruhiwa. Basi na tuutazame mpangilio wa mambo: kalamu ilitangulia, bunduki ikafuata. Mwenye njaa akinyamaza husemwa ameridhika, na akipaza sauti huitwa mzushi wa fujo.

Wako watakaosema kwamba msaada ni hisani, na mwenye hisani hashurutishwi. Hoja hiyo ingesimama lau mtoaji wa mkate hakuwa na mkono katika vita vilivyomfukuza mlaji. Lakini watu hawa hawakuangushwa Turkana na upepo. Mwaka 2024 dunia ilitumia dola zipatazo trilioni 2.7 kwa mambo ya kijeshi, na wauzaji wakubwa wa silaha ni mataifa yaleyale yanayoketi kwenye viti vya mbele panapojadiliwa amani. Fedha, kwa hivyo, hazikukosekana. Kilichofanyika ni kuchagua pa kuzipeleka.

Tuichukue Sudan. Vita vya sasa vilianza tarehe 15 Aprili 2023, baina ya jeshi la Jenerali Burhan na wanamgambo wa RSF wa Jenerali Hemedti, watu wawili waliokuwa wameshirikiana kuipindua serikali ya kiraia mwaka 2021. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza, katika taarifa ya mwanzoni mwa 2024, kwamba tuhuma za silaha kupelekwa RSF kutoka Falme za Kiarabu kwa njia ya Chad ni za kuaminika. Serikali hiyo yakanusha. Ila dhahabu ya Sudan yaendelea kuingia katika masoko ya Dubai. Twajua wengi wetu tuna jamaa zetu wanaotafuta riziki huko Ghuba, na twawaombea kheri. Lakini haki haipimwi kwa udugu wala kwa masilahi. Tukiilaani bunduki ya Washington na kuinyamazia ya Abu Dhabi, tutakuwa tumechagua upande na kuiacha haki.

Wala tusijitoe sisi wenyewe katika hesabu. Mwezi Februari 2025 RSF na washirika wake walikutana katika jumba la KICC, na wakatia saini jijini Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao. Khartoum ikamwita nyumbani balozi wake, kisha ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwamo; hasara ikamfikia mkulima wa milimani na mchukuzi wa Mombasa. Nchi yetu inampa mkimbizi hema Kakuma, na inampa ukumbi Nairobi yule anayetuhumiwa kumfukuza. Mambo haya mawili hayakai kifuani pamoja.

Kuna lalamiko lingine, nalo ni la kweli: Waturkana wenyewe ni maskini. Mafuta yaligunduliwa Lokichar mwaka 2012. Malori yakayachukua kwa barabara hadi Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka bandarini kwetu. Kisima chauzwa ilhali mwenye kisima angali akichota maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Lakini yatupasa kuuliza ni nani anayenufaika Mturkana akimwona mkimbizi kuwa ndiye adui. Mama wa Kiturkana amezoea kuingia kambini na mkaa na kuni, na kutoka na nafaka. Posho ilipokatwa, alikosa mnunuzi. Naye mwenye duka aliyekopesha akabaki na daftari la madeni yasiyolipika. Mgeni na mwenyeji wamepigwa kwa fimbo moja. Kugombana kwao kwampa raha aliyeishika.

Turkana haikuanza leo kutumiwa hivi. Wakoloni waliifanya wilaya iliyofungwa, haingiliki bila kibali. Ndiko walikomfungia Jomo Kenyatta, kwanza Lokitaung, kisha Lodwar kuanzia mwaka 1959. Tabia ya dola ni kutafuta mahali pa mbali pa kuwaweka inaotaka wasahauliwe.

Nasi wa pwani tusisahau. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwaleta kwetu kwa majahazi watu wa Barawa, Kismayu na visiwa vya Wabajuni, wenye lugha na nasaba zilizochanganyika na zetu. Walikaa katika kambi za Utange na Swaleh Nguru, tukaswali nao saffu moja. Kambi hizo zilipofungwa katika miaka hiyo ya 1990, wengi wao walihamishiwa Kakuma. Basi asiseme mtu kwamba Kakuma ni habari ya mbali.

Tufanye nini? Kwanza, tuache kumwita mkimbizi mzigo, majumbani mwetu na mbele ya watoto wetu. Pili, kamati zetu za zaka na sadaka ziikumbuke Turkana, zimpe mgeni na mwenyeji kwa mizani moja. Tatu, na hili ndilo zito, wabunge wetu wanapokuja kutuomba kura tuwaulize: ni kwa idhini ya nani KICC iligeuzwa ukumbi wa wanamgambo, na mapato ya mafuta ya Lokichar yatamfikiaje mchungaji wa Lokichar? Sadaka humshibisha mtu kwa siku moja. Swali lisilonyamazishwa ndilo linalomfikia mwenye kalamu.

Wabillahi tawfiq.