MITA MOJA, WAPANGAJI SITA

Mfanyakazi aliyepanga chumba ambamo ugali, chai na maji ya kuoga vyote vyategemea umeme ana haki ya kulalamika. Bei zilizotangazwa Tanzania mwaka 2016 zilimtoza mtumiaji mdogo shilingi 100 kwa uniti, hadi uniti 75 kwa mwezi. Zilizozidi, shilingi 350. Kwa hesabu hiyo, wanyonge sita waliofungiwa mita moja huhesabiwa kama tajiri mmoja.

Kweli, tujihadhari: hita ya kilowati 3, ikiwaka saa moja kila siku, hula uniti 90 kwa siku 30. Lakini kujinyima peke yake hakutoshi. Wapangaji na waungane, wadai kila mlango mita yake. Nafuu ya mnyonge sharti imfikie mnyonge.