Staa wa Visanamu, Paleti Inanuka Halafu Brashi Unaweka Mdomoni?

Leo nina neno na yule staa wa video za kupaka rangi visanamu. Simtaji, mnaomfuata mshamjua. Mkono jamaa anao, hapo sibishi. Kaaskari ka Warhammer kasikozidi kidole gumba, hadi mboni ya jicho anaichora. Ila klipu ya juzi imeniboa. Kafungua paleti yake ya maji, sponji ina madoa meusi, yeye anacheka, eti mwezi mzima hajaiosha. Sekunde mbili mbele, brashi mdomoni kuichongoa ncha. Jamani!

Kwa wageni: paleti ya maji ni kiboksi chenye mfuniko, ndani sponji iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea keki. Maji yanapenya kidogo kidogo, rangi ya akriliki haikauki haraka. Sasa unyevu, mfuniko umebana, na joto la Dar hili, ukungu utakosaje?

Hata mimi yalinikuta. Nilienda msibani wiki nzima, kurudi nikafungua, harufu ya tambara la deki. Nikaitupa karatasi, sponji nikaikamua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo mpaka maji yakatoka masafi. Harufu bado. Nikailoweka kwenye maji yenye jiki kidogo kama dakika kumi, halafu nikasuuza mpaka nikachoka, maana jiki ikibaki inaharibu rangi. (Usiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu.) Boksi nalo nikaliosha, vyote nikaanika vikauke kabisa. Siku hizi kila nikimaliza kupaka namwaga maji, na nikiweka mengine sponji inaloa tu, haiogelei. Sponji kubaki ya pinki kwa rangi siyo kesi. Ikiwa na vidoti vyeusi vilivyozama ndani, hiyo tupa.

Halafu kuna wale wa "tumbukiza sarafu ya shaba". Ni kweli shaba inazuia vijidudu, lakini senti ya Marekani wanayoisifia ilibadilishwa mwaka 1982, sasa ni zinki iliyopakwa shaba juu juu. Na hata ingekuwa shaba tupu, sarafu haioshi sponji. Msianze kutupia mia mbili zenu humo.

Kinachoniuma zaidi, mwisho wa klipu staa anauza sponji mpya. Ya kwako ikinuka, yeye anakula hela. Na madogo wanamuiga kulamba brashi, wakati kuna rangi za wachoraji zina kadimiamu na onyo limeandikwa pale pale kwenye chupa.

Staa, tunaomba klipu moja tu unaosha. Hata ya dakika moja, bila muziki. Na nyie wadau, yenu mara ya mwisho mliosha lini? Semeni ukweli hapo chini, sitacheka. Sana.