Sahifa ya Kiungo

Toleo hili limetengwa kwa ajili ya mwanamke achezaye nafasi ya kiungo, na sababu ya kumchagua yeye badala ya mfungaji ni kwamba uandishi wetu wa kabumbu, ambao ni hodari wa kuhesabu mabao, umekuwa bahili mno katika kuieleza kazi inayoyazaa mabao hayo.

Mwezi wa Oktoba 2021, huko Afrika Kusini, Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, walioingia kwa mwaliko mashindano ya COSAFA, yaani ya nchi za kusini mwa Afrika, waliishinda Malawi bao moja kwa bila katika fainali wakatwaa kombe. Bao lile alilifunga Enekia Kasonga, na ni haki yake kukumbukwa kwalo. Lakini aliyetangazwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yote alikuwa Amina Bilali, naye ni kiungo. Mashabiki wengi wanaoketi majukwaani katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma watakutajia bao, pengine na mfungaji wake, ilhali tuzo ya kiungo imekwisha kuwatoka katika fahamu, wala hatuwalaumu, maana sisi wenye kalamu hatukuwaandikia la kukumbuka.

Kazi yenyewe ina inda yake. Kiungo mkabaji akiziba njia mapema, hatari hufa kabla haijazaliwa, na shambulio lisilotokea halina picha ya kuchapwa gazetini. Mchezeshaji naye akitoa pasi ile inayotangulia pasi ya mwisho, macho ya watu wote yamekwisha kuhamia kwingine. Kwa hiyo kiungo huhitaji shahidi kuliko mchezaji mwingine yeyote, labda golikipa peke yake akiwekwa kando, na ushahidi usioandikwa hufa pamoja na kizazi kilichouona.

Tazama Italia. Manuela Giugliano, kiungo wa Roma aliyezaliwa mwaka 1997, alikuwa amekwisha kuichezea timu yake ya taifa katika Kombe la Dunia la 2019 kabla ligi kuu ya wanawake ya nchi yake haijatambuliwa kisheria kuwa ya kulipwa, jambo lililofanyika mwaka 2022 tu. Hata taifa lililobobea katika mpira, basi, lilichelewa kumpa mwanamke haki ya mkataba. Lakini mechi zake ziliandikwa, na anayetaka kuusoma mwendo wake tangu ujana hapati taabu.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume cha taratibu: timu ya taifa ilicheza fainali za Afrika mwaka 2010, ilhali Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Wale wa 2010 walijifunzia wapi kuchezesha timu, chini ya mwalimu gani wa mtaani, kwa viatu vya nani? Miaka 15 ilipita ndipo Twiga Stars wakarejea katika fainali hizo, Morocco, Julai 2025, wakatoka sare ya bao moja kwa moja na Afrika Kusini, na tawarikhi ya miaka hiyo yote bado imo vifuani mwa watu.

Nyanda hizi za kati nazo zina sehemu yake. Baobab Queens na Fountain Gate Princess waliileta Ligi Kuu hiyo ya Wanawake Dodoma, mbele ya wasichana waliokuwa hawajapata kuiona kwa macho. Wapo wazee, tena waungwana, wanaosema kwamba mwanamke kutimua vumbi mbele ya kadamnasi ni ugeni uliotujia juzi. Nasi kwa adabu twawakumbusha kwamba katika Ugogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, hadharani, na hakuna aliyepata kuwaambia wawaachie wanaume.

Kuanzia toleo hili, taarifa ya kila mechi ya wanawake tutakayoichapa itawataja viungo wa pande zote mbili, dakika walizocheza, na nani alimkaba nani. Walimu wa shule na makatibu wa klabu wenye madaftari ya zamani, hata yaliyoliwa na mchwa pembeni, tunawaomba watuazime; tutanakili na kuyarudisha kwa gharama zetu.