Mfalme Akitishwa na Wawili

Vijana hapa Mtendeli hugombana juu ya sataranji: mmoja ameila kete iliyomtisha mfalme wake, mwenzake akataa. Haki ni ya nani?

Kete moja ikimtisha mfalme, waweza kuila, kuizibia njia, au kumhamisha mfalme. Lakini pengine kete husogea, ikamtisha yenyewe na kuifungulia njia nyingine iliyokuwa nyuma yake. Ukiila moja, ya pili ingali inamtazama. Hapo mfalme hana budi kusogea mwenyewe.

Mwaka 1910 mjini Vienna, Réti alimtoa malkia wake aliwe, kisha akamtisha mfalme wa Tartakower kwa askofu (naam, humo pia yumo!) na ngome pamoja. Tartakower alikuwa na kete tele, zisimfae. Mfalme akasogea, askofu akammaliza.