TUSIHASI MADUME WOTE

Ndugu wanaushirika, wazee wangu, akina mama na vijana,

Jumamosi ijayo tunakaa mkutano mkuu wa ushirika wetu. Katika ajenda limo pendekezo kwamba madume wote wa asili hapa kijijini wahasiwe, na majike wote wapandishwe kwa mrija, kwa mbegu ya Friziani tu. Mimi sipingi mrija. Maziwa tunayataka na watoto wetu wanayahitaji. Ninachopinga ni hilo neno "wote".

Katika kikao cha kamati kijana wetu mmoja alisema: "Katibu, wacha woga. Siku hizi wataalamu wanatoa nakala ya ng'ombe. Mbegu ikipotea, watairudisha." Watu wakapiga makofi. Siku ile sikuwa na jibu. Nimesoma, nimemuuliza na bwana mifugo, na leo najibu hapa ukutani kila mtu asome.

Ni kweli, nakala ipo, na si uchawi. Tarehe 5 Julai 1996, huko Uskoti, alizaliwa kondoo aliyeitwa Dolly. Wataalamu walichukua chembe hai ya kiwele cha kondoo mzima, wakaiunganisha na yai lililoondolewa kiini chake, kisha wakapandikiza katika tumbo la kondoo mwingine. Mtoto akatoka nakala ya yule mwenye kiwele, siyo ya yule aliyembeba. Lakini jamani, sikilizeni hesabu yake: mayai waliyounganisha yalikuwa 277. Aliyezaliwa akaishi ni Dolly peke yake.

Hata hapa jirani, Nairobi, watafiti wa mifugo wa taasisi ya kimataifa ya ILRI walipata kwa njia hiyo dume wa Boran, wakamwita Tumaini. Habari zake zilichapishwa mwaka 2016. Nia yao ni kumpata siku moja ng'ombe asiyeangushwa na nagana. Ni kazi nzuri. Ila tujiulize, chembe ile ilitoka wapi? Ilitoka kwa Boran, ng'ombe ambao wafugaji wa Ethiopia na Kenya wamewatunza na kuwachagua vizazi na vizazi. Mtaalamu hakuanza na chupa tupu. Alianza na zizi.

Sasa kisa cha pili. Kusini ya New Zealand kuna kisiwa kiitwacho Enderby. Ng'ombe walipelekwa huko mwaka 1894, wakazoea baridi na upepo, hata mwani wa baharini wakawa wanakula. Karibu miaka mia baadaye ikaamuliwa waondolewe ili kulinda mimea na wanyama wa kisiwa, wakapigwa risasi. Mwaka 1993 alipatikana jike mmoja tu aliyebaki, akaitwa Lady. Wataalamu walimtolea nakala, na mwaka 1998 akazaliwa Elsie. Watu wakafurahi. Lakini nakala ya jike ni jike! Zizi la majike watupu halizai. Dume alipatikana kwa sababu kuna mtu aliyekumbuka kuchukua mbegu za madume waliouawa na kuzihifadhi. Kama asingekumbuka, ukoo ule ungekwisha, na nakala zake zote.

Na sisi wakulima nakala tunaijua toka zamani. Kipande cha muhogo unachopanda ni nakala ya mama yake. Ndiyo maana batobato ikiingia kwenye mbegu ya namna moja, shamba zima linageuka manjano. Anayepona ni yule aliyepanda mbegu za namna mbili tatu. Zizi nalo ni vivyo hivyo. Friziani anatoa maziwa mengi, lakini anataka josho, majani na maji, na ndigana kali inamwangusha haraka. Zebu wetu anatoa maziwa kidogo, ila kupe na kiangazi anavimudu.

Mimi mwenyewe nina kosa. Dume wa mwisho wa ukoo wa ng'ombe wa marehemu baba nilimhasi kwa mkono wangu, nipate maksai wa plau. Alilima vizuri, simlaumu. Lakini baada ya miaka miwili nilizunguka vijiji vitatu natafuta dume wa namna ile, nikarudi na kamba mkononi. Mbegu waliyoitunza baba na babu niliimaliza mimi, asubuhi moja.

Kwa hiyo napendekeza hivi:

1. Tuchague madume wanne bora wa asili, wasiotoka tumbo moja, wasihasiwe. Wawe wa ushirika, na wahamishwe zizi hadi zizi wasije wakapanda binti zao.

2. Mrija utumike kwa mwenye majani ya kutosha na anayeogesha, tena asipandishe majike wake wote.

3. Tufungue daftari la ng'ombe: dume nani, mama nani, kazaliwa lini. Mimi kuandika nimejua ukubwani, katika darasa la jioni la watu wazima. Kama mimi naweza, hakuna atakayeshindwa.

4. Kwa kupitia bwana mifugo, tukiulize Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, namna ya kuhifadhi mbegu za madume wetu. Katika naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mbegu hukaa miaka mingi bila kuharibika.

Anayeona nimekosea aje Jumamosi aseme mbele ya watu, si kilabuni. Lakini aje akijua kuwa kisu kikishapita hakuna kura ya kurudisha.

Ushirika ni nguvu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji