Tuijue Dunia: Singapuri, Kisiwa cha Majirani Wengi

Juma hili tunavuka Bahari ya Hindi hadi Singapuri, kisiwa kilichopata kujitawala tarehe 9 Agosti 1965. Nchi nzima ni mji mmoja, nao una lugha rasmi nne: Kimalei, Kichina, Kitamili na Kiingereza. Wakazi wengi ni Wachina, lakini wimbo wa taifa huimbwa kwa Kimalei, lugha ya Waislamu walio wachache.

Udugu wetu nao si wa jana. Masharifu wa Hadhramaut waliotia nanga Pate na Lamu ni wa nasaba moja na wenzao walioelekea Singapuri kwa biashara. Mmoja wa hao, Sayyid Omar Aljunied, alijenga msikiti wa kwanza wa kisiwa hicho mwaka 1820.

Kina mama watafurahi kumjua Hajjat Fatima, mzaliwa wa Malacca. Alifiwa na mumewe, akaendesha mwenyewe biashara ya majahazi. Wezi waliivamia nyumba yake mara mbili, na mara ya pili wakaitia moto. Kwa kumshukuru Mola aliyemnusuru, alitoa kiwanja kile pamoja na mali yake, ukajengwa msikiti uliokamilika mwaka 1846. Mpaka leo unaitwa kwa jina lake, naye amezikwa papo hapo.

Lakini amani ya kisiwa hicho haikuja bure. Tarehe 21 Julai 1964, katika zafa ya Maulidi ya Mtume (s.a.w.), kulizuka ghasia kati ya Wamalei na Wachina, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Waliobaki walijifunza kwamba watu wasiojuana huaminishana uvumi kwa wepesi. Tangu mwaka 1989, kila jengo la nyumba za serikali, wanamokaa takriban wakazi wanane katika kila kumi, huwekewa kiwango cha kila kabila, ili pasiwe na mtaa wa watu wa asili moja peke yao.

Nasi wa Lamu tunajua uchungu huo. Hatujaisahau Mpeketoni ya Juni 2014. Tangu gati la kwanza la bandari yetu mpya lilipofunguliwa Mei 2021, wageni wanaendelea kuja, na hofu ya ardhi na kazi imo majumbani mwetu. Kudai haki zetu ni wajibu. Hata hivyo, mtoto anayesikia jirani akitukanwa kwa kabila lake ndani ya nyumba yetu, atalichukua tusi hilo hadi barazani na shuleni.

Basi tuanze na jambo jepesi. Juma hili, kila nyumba ipeleke sahani kwa jirani ambaye haijapata kumbishia hodi, na mtoto ndiye awe mbebaji. Mwenyezi Mungu aihifadhi miji yetu na watu wake wote. Amin.